Nasaba kwa Njia ya Hati ya Miliki: Uhakiki wa Vitabu Viwili vya Ukoo na Mashamba ya Miwa ya Karibi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki vitabu viwili ambavyo waandishi wake walizitafuta asili za koo zao kwa kufuata umiliki wa mashamba ya miwa katika makoloni ya Uingereza ya Karibi: Sugar in the Blood cha Andrea Stuart (2012) na Blood Legacy cha Alex Renton (2021). Inadaiwa humu kwamba hati ya miliki haimfikishi mtafiti kwenye nasaba yoyote aitakayo, kwani yenyewe ndiyo inayoamua nasaba ipi ionekane na ipi ikatike. Dhana mbili za ujamaa katika Kiswahili, kuumeni na kuukeni, zinatumika kuonyesha mahali njia hiyo inapokatikia. Mwishoni, makala yanagusia nyaraka za fidia ya mwaka 1897 huko Zanzibar na masharti ya uthibitisho katika madai ya fidia ya leo.

Maneno makuu: nasaba, miliki, fidia, Karibi, kuukeni

1.0 Utangulizi

Tarehe 18 Agosti 1823, katika koloni la Demerara ambalo leo ni sehemu ya Guyana, maelfu ya watumwa wa mashamba ya miwa waliasi. Uasi huo ulianzia katika shamba la Success, mali ya John Gladstone, mfanyabiashara wa Liverpool ambaye hakuwahi kutia mguu katika koloni hilo. Miongoni mwa viongozi wake wakuu alikuwamo fundi wa mapipa aliyejulikana kwa jina la Jack Gladstone. Baba yake Jack, seremala mkuu wa shamba na shemasi wa kanisa la wamisionari la Bethel, aliitwa Quamina, jina ambalo Wafante wa Ghana humpa mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumamosi. Kutoka kwa baba hadi kwa mwana, jina la siku ya kuzaliwa lilikuwa limekwisha kupokewa na jina la mwenye mali. Quamina aliwindwa akauawa, na mwili wake ukatundikwa kwa minyororo mbele ya shamba. Jack alihamishiwa St Lucia. Utumwa ulipofutwa miaka michache baadaye, John Gladstone alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 2,500 aliokuwa akiwamiliki.

Mtafiti wa nasaba anayelifuata jina Gladstone katika nyaraka za Demerara atakutana, basi, na watu wawili wasio na udugu wowote. Nyaraka zitampeleka mbali kwa mmoja tu. Zitamwonyesha wosia wa John, rehani zake, barua zake kwa mameneja wake, na hatimaye mwanawe William Ewart, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne. Kwa upande wa Jack zitamwonyesha kesi, adhabu, na meli iliyomchukua.

Hali hii ndiyo mzizi wa tatizo la kiuhakiki linalojadiliwa hapa. Tangu mwaka 2013, Chuo Kikuu cha London (UCL) kilipoiweka wazi hazinadata ya wamiliki waliolipwa fidia, utafutaji wa asili za koo kwa njia ya mashamba ya Karibi umekuwa utanzu wenye wasomaji wengi. Mtu huandika jina la babu yake, akaona kiasi cha pauni, jina la shamba na idadi ya watu, akaanza safari. Baadhi ya safari hizo zimeishia katika vitabu, na nyingine katika hadhara za kuomba radhi: ukoo wa Trevelyan ulikwenda Grenada Februari 2023, na baadhi ya vizazi vya Gladstone vilikwenda Guyana mwezi Agosti mwaka huohuo. Utanzu huu umetazamwa zaidi kwa jicho la maadili, yaani iwapo mwandishi ana ujasiri na iwapo toba yake ni ya kweli. Makala haya yanautazama kwa jicho jingine: umbo la simulizi linatokana na nini, na umbo hilo linamruhusu nani awe na wazazi.

2.0 Daftari na kusudi lake

Nyaraka zinazotegemewa na watafiti hawa ni za aina chache, na kila moja iliandikwa kwa kusudi lake. Hati za mauziano, wosia na rehani ziliandikwa ili mali ijulikane ni ya nani na inadaiwa na nani. Sajili za watumwa zilianza baadaye. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya kuvusha watumwa mwaka 1807. Ili kudhibiti magendo, serikali ikaagiza kila mmiliki aorodheshe watu wake: Trinidad ilitangulia, kisha Jamaika na Barbados zikafuata mwaka 1817. Katika makoloni mengi orodha hizo zilirudiwa kila baada ya miaka mitatu, zikiwa na safu ya walioongezeka na safu ya waliopungua. Aliyezaliwa aliingia katika ongezeko. Aliyekufa, aliyeuzwa na aliyeachwa huru waliwekwa pamoja katika upungufu. Kwa mtunza daftari, mambo hayo matatu yalikuwa na maana moja.

Katika sajili za Jamaika mtu huandikwa jina, jinsia, umri, rangi, na iwapo ni Mwafrika au mzaliwa wa koloni. Msomaji wa Kiswahili cha pwani hatahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo ya mwisho. Mashamba ya Unguja na ya Mrima yalikuwa na maneno yake: mjinga kwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, na mzalia kwa aliyezaliwa shambani. Kwamba pande mbili za dunia zisizohusiana ziliona haja ya kulitenga jambo hilohilo kunadokeza kwamba mgawanyo huo haukutokana na utamaduni fulani. Ulitokana na hesabu ya bwana, aliyetaka kujua nani ameshazoea na nani bado anakumbuka njia ya kurudi.

Hatimaye ilikuja sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834. Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20, kiasi kinachokaribia asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, na fedha hizo zote wakapewa wamiliki. Waliotumikishwa hawakupewa kitu. Walitakiwa kuendelea kufanya kazi chini ya mpango ulioitwa wa uanagenzi, uliovunjwa mwaka 1838. Makamishna wa fidia walipokea makumi ya maelfu ya madai, wakayapima, wakayahifadhi. Kwa hiyo nyaraka kamilifu zaidi za utumwa wa Waingereza ni nyaraka za malipo, na anayeonekana vizuri ndani yake ni mdai.

Hazinadata ya UCL, iliyojengwa na Catherine Hall, Nicholas Draper na wenzao, imefanya kazi kubwa ambayo haiwezi kubezwa. Imeonyesha kwamba wamiliki hawakuwa mabwanyenye wachache tu. Walikuwamo wajane, makasisi na watu wa tabaka la kati wasiowahi kuuona muwa. Hata hivyo, mlango wake wa kuingilia ni jina la mdai. Sajili zenyewe nazo zimewekwa mtandaoni na zinaweza kutafutwa kwa jina la mtumwa. Lakini atafutaye Mary au John asiye na jina la ukoo ataletewa mamia ya akina Mary na akina John, na ili ajue yupi ni wake, lazima kwanza ajue shamba. Ili ajue shamba, lazima ajue bwana. Njia zote zinapitia mlango uleule.

3.0 Renton: mwenye nyaraka na mwenye hoja

Alex Renton ni mwanahabari wa Uskoti ambaye kwa upande wa mama ametokana na ukoo wa Fergusson wa Kilkerran, jimboni Ayrshire. Ukoo huo ulikuwa na shamba katika kisiwa cha Tobago na ulishirikiana na ukoo wa Hunter Blair kulimiliki shamba la Rozelle huko Jamaika. Babu yake, Sir James Fergusson, alikuwa Mtunza Nyaraka Mkuu wa Uskoti. Jambo hili si la pembeni. Renton anafanya kazi juu ya makaratasi yaliyotunzwa vizuri na mtu aliyekuwa mtaalamu wa kuyatunza, katika nyumba ambayo haikuhamwa. Wachache sana duniani hurithi nasaba iliyokwisha kupangwa kwenye makasha.

Ubora wa kitabu chake ni kwamba hakimstahi babu yeyote. Sir Adam Fergusson, mbunge na msomi wa zama zilizojivunia busara na ubinadamu, anaonyeshwa akiongoza kwa barua shamba ambalo watu wake walikuwa wakifa. Renton haruhusu utetezi wa kwamba ndivyo zama zile zilivyokuwa. Anaonyesha kwamba waliojua walikuwapo, na waliopinga walikuwapo. Anakataa pia kuifunga hadithi katika karne ya 19. Sehemu ya mwisho ya kitabu inaingia katika Karibi ya leo na katika mjadala wa fidia, na mwandishi mwenyewe baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa warithi wa wamiliki wanaounga mkono madai hayo.

Kasoro yake haiko katika msimamo. Iko katika umbo. Simulizi inatembea kwa mwendo wa barua, na barua ziliandikwa na wamiliki na mameneja wao. Mtumwa anaingia ukurasani anaponunuliwa, anapougua, anapotoroka, anapokufa, yaani, anapogharimu. Baada ya hapo hutoweka, na sura huendelea na mrithi anayefuata wa Kilkerran. Mrithi daima yupo. Hata safari za mwandishi kwenda Tobago na Jamaika haziwezi kuliziba pengo hilo, maana aliyesafiri ndiye mwenye makaratasi, na anakutana na watu ambao ukoo wake ndio uliobaki na orodha ya majina ya wazee wao. Renton analijua jambo hili na analisema. Kulijua, hata hivyo, hakukigeuzi kitabu: mgongo wake ni ule ule wa shajara ya mabaroneti, kutoka baba kwenda mwana au kutoka kaka kwenda ndugu, na hasira ya mwandishi inaning'inia juu ya mgongo huo kama majani juu ya mti usio wake.

Kuna hoja inayoweza kumtetea, na inafaa isikilizwe. Renton angeweza kujibu kwamba hakuahidi kuandika nasaba ya watu wa Rozelle. Aliahidi kuandika hesabu ya kwao. Jibu hilo ni la haki, na pengine ni la unyenyekevu kuliko kujipachika katika maisha ambayo makaratasi hayakuyaandika. Ila msomaji anayetoa ushauri wa sera anapaswa kukumbuka kuwa kitabu cha namna hii ni ushahidi wa deni na si ushahidi wa mdai.

4.0 Stuart: damu mbili, hati moja

Kitabu cha Andrea Stuart kinaanzia mahali tofauti. Mwandishi huyu mwenye asili ya Barbados ni mjukuu wa pande zote mbili za shamba. Kwa upande mmoja yupo George Ashby, mhunzi aliyeondoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1630 kwenda Barbados kutafuta ardhi. Alifika kabla sukari haijakishika kisiwa. Katika miaka ya 1640 miwa iliimeza misitu, na baada ya muda mfupi Waafrika wakawa wengi kuliko walowezi. Vizazi kadhaa baadaye anatokea Robert Cooper Ashby, mmiliki wa shamba na wa watu, na kwa Robert Cooper anazaliwa John Stephen, mtoto wa mwanamke mtumwa. Stuart ametokana na John Stephen.

Jina la mwanamke huyo halijulikani.

Hapa ndipo kitabu kinapopata uzito wake na ndipo kinapokwama. Mwandishi anaweza kumfuata Robert Cooper hadi kwa mhunzi George, karibu karne mbili nyuma, kwa sababu miliki ilirithishwa na kila urithi uliacha karatasi. Kwa mama yake John Stephen hawezi kupiga hata hatua moja. Kizazi kimoja tu, na njia imekwisha. Stuart hatoi visingizio. Anachofanya ni kulizunguka pengo kwa kuujenga ulimwengu uliolizunguka: anawatumia walioandika juu ya Barbados ya kale, akiwamo Richard Ligon ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1657, na anaeleza jinsi muwa ulivyokatwa, jinsi kinu kilivyoweza kuukata mkono, jinsi sukari ilivyochemshwa usiku kucha wakati wa mavuno. Kutokana na hayo msomaji anakisia maisha ya mwanamke asiye na jina yalikuwaje.

Mbinu hiyo ina gharama. Mwanamke anayejengwa kwa desturi za jumla huwa kielelezo. Anakuwa kila mwanamke, na kwa hiyo hawi mzazi wa mtu fulani. Saidiya Hartman, katika makala yake ya mwaka 2008 kuhusu wasichana wawili waliokufa ndani ya meli ya watumwa, aliuliza iwapo mwandishi anaweza kuijaza kimya ya nyaraka bila ya kumtumia marehemu mara ya pili. Stuart analijibu swali hilo nusunusu. Pale anapomwandika Robert Cooper, tarehe, ekari na ndoa vinasimama imara, na sentensi zake zinatulia. Anapovuka kwenda upande wa pili, sentensi zinajaa "huenda", "yawezekana", "bila shaka". Hisia za mwandishi ni sawa kwa pande zote mbili. Sarufi yake haiko sawa.

Hata hivyo, katika jambo moja kitabu hiki kinakishinda kile cha Renton. Neno "wazee wetu" linapotumiwa na Stuart linawakusanya aliyepiga na aliyepigwa, na hakuna anayeweza kutolewa ndani yake. Stuart hawezi kuomba radhi, kwa sababu hana wa kumwomba isipokuwa nafsi yake, wala hawezi kudai bila kujidai. Utanzu huu umezoea kuwa na mkosaji na mkosewa wakiwa wameketi pande mbili za meza. Kitabu cha Stuart kinaonyesha kwamba katika koo nyingi za Karibi meza hiyo haipo.

5.0 Kuumeni na kuukeni

Kiswahili humgawia mtu jamaa zake kwa pande mbili: wa kuumeni, yaani wa baba, na wa kuukeni, yaani wa mama. Mgawanyo huu unasaidia kulisema jambo ambalo vitabu hivi viwili vinalionyesha bila kulitaja.

Katika makoloni ya Uingereza ya Karibi, mtoto alifuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, awe baba ni nani. Ubwana, kinyume chake, uliteremka kuumeni: jina, shamba na cheo vilitoka kwa baba. Nasaba mbili ziliishi, basi, katika shamba moja, kila moja ikifuata upande wake, na sheria ilihakikisha kwamba hazikutani. Zilipokutana kwa mwili, zilizuiwa kukutana kwa mali. Mwaka 1761 bunge la Jamaika lilipitisha sheria ya kumzuia mtu mweusi au chotara asirithi kutoka kwa mzungu mali ya thamani ya zaidi ya pauni 2,000. Wakubwa wa koloni hawakuwa na wasiwasi kuhusu watoto kuzaliwa. Wasiwasi wao ulikuwa juu ya watoto kuandikwa.

Linalofuata kutokana na hilo ni la ajabu kidogo. Kwa kuwa utumwa ulirithiwa kuukeni, mmiliki alikuwa na haja ya kumjua mama. Ndiyo maana katika sajili nyingi za Jamaika za mwaka 1817, kwenye safu ya maelezo, jina la mama wa mtoto limeandikwa, na jina la baba halimo. Safu hiyo iliwekwa ili kuthibitisha kwamba mtoto ni mali halali. Leo ndiyo safu pekee ambayo mjukuu wa mtumwa anaweza kuisoma kama shajara: fulani binti wa fulani, na mama huyo naye, akiwa bado hai, ameandikwa mistari michache juu, pengine pamoja na neno la kuonyesha kwamba alizaliwa Afrika. Ni vizazi viwili, mara chache vitatu. Baada ya hapo mtafiti huangukia daftari za ubatizo, ambako majina yalibadilishwa, na uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo ambao Jamaika uliaanza mwaka 1878 tu.

Wala Renton wala Stuart hawakuijenga simulizi yao juu ya safu hiyo. Renton ana shajara nyingine mkononi. Stuart amefika kwa mama mmoja ambaye jina lake limepotea, na uhusiano wake na John Stephen umehifadhiwa kwa sababu ya baba. Panapofaa kutiliwa mkazo ni hapa: mtoto wa bwana anaonekana katika nyaraka kwa kadiri anavyoshikamana na kuumeni, na kadiri anavyoonekana ndivyo mama yake anavyofifia. Asiyekuwa na damu ya bwana hata chembe, ambaye ndiye aliyekuwa wa kawaida shambani, hawezi kuandikiwa kitabu cha aina hii kabisa.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atataka kusema kwamba huku mambo yalikuwa kinyume, na kwa upande wa sheria atakuwa amesema kweli. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana ni muungwana na anaingia katika nasaba ya baba yake pamoja na ndugu zake. Mama yake naye hawezi kuuzwa, na bwana akifa huwa huru. Wana wa Seyyid Said waliotawala Zanzibar walizaliwa na masuria. Sheria mbili zilikwenda njia mbili: ya Barbados ilimpeleka mtoto kwa mama ili abaki mali, ya Unguja ilimpeleka kwa baba ili awe mrithi. Lakini mtu akizifungua shajara zilizotokana na sheria ya pili, atakuta majina ya wanaume mfululizo. Suria hayumo. Jina la mama yake Sayyida Salme, Mcherkesi aliyeitwa Jilfidan, linajulikana sana kwa sababu binti huyo aliolewa na Mjerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Kina mama wa ndugu zake wengi hawakupata binti wa kuandika.

6.0 Fidia ya pili na kitabu kisicho na daftari

Uhusiano wa Afrika Mashariki na jambo hili hauishii kwenye mfanano. Fungu la pauni milioni 20 lilifika pia Morisi, ambako wamiliki walilipwa zaidi ya pauni milioni 2 kwa watu zaidi ya 60,000. Sehemu kubwa ya watu hao, au wazazi wao, walikuwa wamevushwa kutoka Madagaska, Msumbiji na bandari za pwani kama Kilwa. Utaratibu wenyewe nao ulirudiwa. Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alipofuta hali ya kisheria ya utumwa Zanzibar mwezi Aprili 1897, waliopangiwa fidia ni wamiliki. Mtumwa alitakiwa aende kortini mwenyewe kuomba uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na huko pia wamiliki walifidiwa. Kwa hiyo nyaraka za uhuru za pwani, kama zile za Karibi, zimekaa juu ya msingi wa madai ya bwana.

Lugha yenyewe imehifadhi namna ambavyo watu walijaribu kutoka katika daftari hilo. Walioachwa huru waliokwenda bara na misafara walijiita waungwana, na huko Kongo mashariki lahaja yao ikaitwa Kingwana. Walijichagulia jina la hali waliyoitaka badala ya jina la aliyewamiliki. Jack wa Demerara hakupata nafasi hiyo.

Katika Kiswahili kipo kitabu kimoja kinachofaa kusomwa kando ya Stuart na Renton: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alizaliwa katika jamii ya walioachwa huru ya Frere Town, Mombasa, na anasimulia habari za baba yake aliyetekwa utotoni katika nchi ya Wayao, akapakiwa jahazini, na kuokolewa na manowari ya Kiingereza. Kitabu hiki kimelaumiwa, na kwa haki, kwa jinsi kinavyomshukuru Mwingereza na kuutupa mzigo wote kwa Mwarabu. Lakini kwa suala linalojadiliwa hapa kina jambo ambalo vitabu viwili vya Karibi havina. Hakikuandikwa kutoka kwa daftari. Kilitokana na masimulizi ya watu waliokuwa bado hai, na kwa sababu hiyo kinaanza nyumbani, kabla ya kutekwa, mahali ambapo baba ana kabila, kijiji na jamaa. Utumwa unaingia katikati ya maisha ya mtu mwenye asili, hauanzi naye. Stuart anaanza na meli ya Mwingereza kwa sababu hapo ndipo karatasi zinapoanza. Mbotela aliwahi, kwa kizazi kimoja tu, kabla wazee hawajafa.

7.0 Nani atahesabiwa kuwa mrithi

Suala hili limekuwa la sera. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika kwa njia ya fidia. Mpango wa hoja kumi wa CARICOM wa mwaka 2014, unaoanza na dai la kuombwa radhi rasmi, unadai kwa niaba ya mataifa na watu wake. Haumtaki mdai alete shajara. Hadhara za koo kama zile za Grenada na Guyana zinakwenda kwa mantiki nyingine. Anayeomba radhi anajulikana kwa jina na kwa kiasi alicholipwa babu yake. Anayeombwa ni taifa, chuo au kamati, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwaita wajukuu wa watu wa Success kwa majina.

Hatari iliyopo ni kwamba mpango wowote wa fidia utakaodai uthibitisho wa nasaba kwa maandishi utarudia mchujo wa mwaka 1834: atalipwa mwenye karatasi. Huko Karibi hao watakuwa kwanza wenye damu ya wamiliki, akina Stuart, na baada yao wachache waliobahatika kuwa na jina la mama katika safu ya maelezo. Mshauri wa sera anayependekeza uthibitisho wa ukoo kama njia ya kuzuia udanganyifu anapaswa kujua kwamba anapendekeza pia kumtoa nje yule aliyefutwa zaidi.

Kwa upande wa pwani ya Afrika Mashariki, kazi ya kuziweka nyaraka hizi katika mfumo wa kidijitali inatoa nafasi ambayo UCL haikuwa nayo, kwani mradi wake ulianzia kwenye madai. Faharasa ya kwanza inaweza kujengwa juu ya majina ya walioomba uhuru kortini, pamoja na mahali walipotoka na jina la mama panapotajwa, na jina la bwana likafuata nyuma kama sifa mojawapo ya kumbukumbu. Gharama yake ni kubwa zaidi, maana walioachwa huru ni wengi kuliko mabwana na majina yao yanajirudia: Juma, Mabruki, Feruzi, Zafarani. Wataalamu wa Kiswahili wanaojua majina ya kitumwa, ya siku na ya makabila ya bara wanahitajika katika kazi hiyo mwanzoni, kabla hati hazijaandikiwa vichwa. Faharasa ikishajengwa juu ya jina la mmiliki, kuibadilisha ni kuanza upya.

Georgetown ina mtaa uitwao Quamina, uliopewa jina hilo badala ya lile la gavana aliyeuzima uasi. Katika vitabu vya historia, mwanawe bado anaorodheshwa chini ya herufi G.